Rupia ya Mjomba

Waliomfahamu Yeremia, karani wa tiketi pale stesheni ya Kilosa, watakwambia alikuwa mtu mpole, mwenye kola safi, asiyekunywa pombe wala kugombana na jirani. Ni kweli. Lakini kila binadamu ana ugonjwa wake, na ugonjwa wa Yeremia ulikuwa pesa zilizokufa. Pesa hai hazikumbabaisha hata kidogo. Mshahara ukitoka alimpa mkewe Odilia ya matumizi, akasahau. Ila umwonyeshe noti isiyonunua hata kiberiti, noti ambayo muuza vitumbua angeifungia vitumbua vyake bila kuitazama mara mbili, hapo ungeona macho yanamtoka.

Ugonjwa ulimwanza miaka ile nchi ilipotoa fedha yake yenyewe, na zile noti za zamani za Afrika Mashariki zikapewa muda wa kubadilishwa. Muda ukapita. Sasa wazee wa milimani, ambao habari huwafikia zikiwa zimechoka njiani, wakawa wanashuka kukata tiketi ya Morogoro, wanafungua fundo la kitambaa pale dirishani, wanatoa noti yenye picha ya Malkia. "Hii haipiti tena, mzee," karani anasema. Mzee anaitazama noti, anamtazama karani, anaitazama tena. Wengine walirudi nayo nyumbani. Wengine waliiacha pale pale kwenye ubao wa dirisha, wakaondoka kwa miguu. Yeremia akaona haya kuzitupa, akaziweka kwenye albamu ya picha za harusi yake, nyuma ya bibi harusi. Kwa hiyo ilianza kwa huruma. Mambo mengi mabaya huanza kwa huruma, usinibishie.

Huruma ikageuka uchu. Akishapata noti ya Malkia alitaka ya Mfalme, akipata ya Mfalme anataka ya Mjerumani. Na akishazipata zote haridhiki, maana hii imechanika pembe, ile imekunjwa mara nne, nyingine ina doa la chai. Akataka zilizo nzima. Picha za harusi zikatolewa zote kwenye albamu zikahamia kwenye boksi la viatu, Odilia akabaki anaguna tu.

Mtu wa kumbadilishia alimpata Mikumi, na jina lake Theodory. Huyu alikuwa mtu wa Mahenge, zamani dobi wa misheni, sasa muuza vinyago kando ya barabara ya lami iendayo Zambia. Wazungu wakitoka kutazama simba mbugani walisimama kwake kutazama vinyago, na kwenye sanduku chini ya meza mlikuwa na pesa za kale kwa wale waliojua kuuliza. Kila Yeremia alipopata siku ya mapumziko alipanda gari moshi la kwenda Kidatu kwa pasi yake ya kazi, akashuka Mikumi na albamu kwapani.

"Hizi zako zimechoka, ndugu karani," Theodory alikuwa akimwambia, akizigeuza kwa ncha ya kidole. "Zina mafuta, zina jasho la watu. Nipe mbili, nikupe moja iliyonyooka."

Na kweli zilinyooka. Noti za Theodory zilikuwa nyeupe, ngumu, ukizipeperusha zinalia. Yeremia alikuwa akitoa mbili, mara nyingine tatu, anapewa moja, anarudi Kilosa anacheka peke yake ndani ya behewa. Hakujiuliza hata siku moja noti ya miaka hamsini inapata wapi unyoofu ule. Na huyu ni mtu aliyesoma.

Sasa nikueleze habari ya mjomba, maana bila yeye hakuna hadithi.

Kwao Yeremia ni milimani, juu ya Munisagara, watu wa kanisa na jembe. Kwa watu wale ukoo hufuata mama, na jina la mtu aliyekufa hurithiwa na mtoto wa dada yake. Mama yake, Raheli, alikuwa na kaka mmoja tu, naye aliitwa Yeremia. Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza kaka huyo alichukuliwa kubeba mizigo. Raheli alikuwa binti mdogo, kazi yake kufukuza ndege shambani, na ni yeye aliyemwona kaka yake akiteremka mlima na wenzake wamefungwa kamba kiunoni. Hakurudi. Aliyerudi ni mpagazi mwenzake mmoja, mifupa mitupu, akaleta noti ya rupia moja, zile za karatasi mbaya zilizochapwa hapa hapa nchini vita ikiwa imebana. Akasema, huu ndio ujira wake, alikufa ameushika, na hii alama ya dole gumba pembeni ni yake. Damu au udongo, yule mtu hakujua. Waingereza walipokuja, noti ile haikununua kitu.

Mwili haukuonekana, basi hakuna aliyezikwa, na asiyezikwa hawekewi matanga. Nyanya yake Yeremia alikataza watu kulia. Noti ikatiwa kwenye kibuyu kidogo chenye mafuta ya nyonyo, na kila mwaka wakati wa kufyeka makaburi ilitolewa ikawekwa juu ya kigoda, wakasemeshana nayo. Padri akisikia alifoka, wao wakaitikia ndiyo padri, mwaka unaofuata wakafanya tena. Nyanya alipokufa, noti ikawa ya Raheli. Raheli alipozaa mtoto wa kiume akampa jina la kaka yake. "Unalishika tu," alimwambia tangu akiwa mdogo. "Mwenyewe bado yuko njiani."

Ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Milimani walipewa siku chache, malori yakaja na mgambo, watu wakapanda na kuku zao na milango ya nyumba zao, wakashushwa chini tambarare, kwenye kijiji kipya kilichopimwa kwa kamba karibu na reli. Makaburi yakabaki kule juu peke yake. Siku ya kuhama Yeremia aliomba ruhusa akaenda kumsaidia mama yake, naye mama akamwita pembeni, akamfunulia kibuyu.

"Kwenye kuhama huku vitu vinapotea, mwanangu," akasema. "Kaa nayo wewe mjini mpaka nipate paa. Usiifunue mbele ya macho ya watu."

Akaipokea kwa mikono miwili. Haya, na angekuwa na akili angeiweka ndani ya kibuyu chake akakifungia kabatini. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Alipofika Kilosa akaitoa, akaifuta mafuta, akaiweka kwenye albamu penye nafasi ya rupia moja, ambayo kwa miaka ilikuwa wazi. Akaitazama usiku na mchana. Ilikuwa kahawia, laini mithili ya jani la tumbaku, na lile dole gumba pembeni, jeusi, limekaa juu ya maandishi. Kila akifungua albamu jicho linakwenda pale. Nzuri zote zikamwia mbaya kwa sababu ya moja.

Theodory naye alikuwa nayo rupia moja, ya mwaka ule ule, nyeupe.

"Hiyo si yako," Odilia alimwambia alipomwona anafunga albamu asubuhi ya kwenda Mikumi. "Hiyo ni amana ya mama."

"Rupia ni rupia," Yeremia akajibu. "Maandishi yale yale. Kwani mjomba hastahili noti safi?"

Kuna la kumtetea, na nitalisema, maana mimi si mchoyo wa haki: nadhani aliyaamini maneno yake. Alidhani anamfanyia mjomba hisani, kama mtu anayembadilishia maiti sanda. Theodory aliigeuzageuza ile noti, akaikunjia pua ile alama, akataka juu yake noti moja ya Mfalme. Wakakubaliana. Yeremia akarudi na rupia yake nyeupe, na kwa mara ya kwanza ukurasa ule ukawa umekamilika. Furaha yake ilidumu mpaka mvua za masika.

Habari aliileta gadi wa treni, kwa mdomo. Balozi wa nyumba kumi wa kule kijijini alikuwa amemtuma: mama yako amelala chini, miguu imevimba, na anasema uje na ile amana. Milimani hatarudi tena, na anajua. Hataki kufa amwache kaka yake hana kaburi. Vijana watachimba shimo Jumamosi, nyuma ya nyumba yake mpya, atamzika pale, na yeye mwenyewe akifa alazwe ubavuni pake.

Yeremia alimsikiliza gadi hadi mwisho, akamkatia mteja tiketi ya Dodoma badala ya Dar, akafunga dirisha. Mtu anaweza kuishi na kosa lake miaka, mradi halijapewa tarehe. Kosa lake sasa lilikuwa limepewa Jumamosi.

Kesho yake alikuwa Mikumi. Mezani penye vinyago hapakuwa na mtu, akazunguka nyuma ya banda, mahali ambapo hakuwahi kufika, na huko ndiko alikoona. Kamba ilikuwa imefungwa toka mti hadi mti, na kwenye kamba zimeanikwa noti, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Chini pana beseni la maji yenye povu, sufuria ya wanga wa muhogo, na pasi ya mkaa inafuka moshi. Theodory amekunja mikono ya shati, anapiga pasi rupia ya watu juu ya blanketi. Dobi ni dobi.

"Karibu, ndugu karani. Leo umenifuma jikoni."

"Ile rupia yangu," Yeremia akasema. "Ile yenye alama."

"Usiniambie." Theodory akacheka, akatumbukiza mkono sandukuni, akaitoa. "Hii hapa. Ilinitoa jasho hii. Mafuta yalitoka kwa sabuni tu, lakini lile dole lilikataa. Nikaloweka, likakataa. Nikatia magadi, nikasugua kwa mswaki taratibu, ndipo likalegea. Tazama sasa. Utadhani jana ilitoka kiwandani."

Yeremia aliipokea. Namba aliijua, karani wa tiketi hasahau namba. Ilikuwa yenyewe. Na pembeni, pale alipokuwa mjomba, palikuwa peupe. Akakaa chini kwenye majivu ya mkaa na suruali yake ya kazi, akalia kama mtoto, na wala hakujali nani anamtazama.

Theodory aliogopa, akaweka pasi kando. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana ningependa niwe na wa kumlaumu. Aliuliza kuna nini, akaelezwa, akashika kichwa. "Ungesema, ndugu yangu," akawa anarudia. "Mimi ningejuaje? Mimi kila noti inayokuja kwangu ina kidole cha mtu. Hata ile nyeupe niliyokupa niliitoa kwa kikongwe mmoja wa Ruaha, ilikuwa na damu tupu. Sikumuuliza ya nani."

Lakini biashara ni biashara. Mteja wake Mjerumani alikuwa ameshaiona rupia ile na kuitaka, na hasara nayo ni ya nani? Akakuna shingo, akaitaja albamu. Yeremia hakujadili. Aliisukuma albamu yote juu ya blanketi, Wafalme na Malkia na Wajerumani, jasho la miaka minane, bila kuifungua. Akapanda gari moshi la kurudi na noti moja mfukoni. Mkusanyo mzima aliutoa kununua kitu ambacho hakikuwepo tena.

Ijumaa alifanya jambo ambalo sijui nilicheke au nililie. Alinunua mafuta ya nyonyo sokoni Kilosa, akakwangua masizi chini ya sufuria, akachanganya na udongo mwekundu kidogo. Akakaa mezani. Akapaka dole gumba lake, akalikandamiza kwenye pembe ya noti, akasubiri likauke, akakandamiza tena. Lilitoka vizuri. Hata ungekuwa wewe ungedanganyika.

Odilia alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Alimtazama mpaka alipomaliza.

"Kidole hicho ni chako," akasema. "Kesho unataka mama amzike nani?"

Yeremia akaitia noti kibuyuni. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa namna hiyo hashauriki.

Jumamosi kijiji kizima kilikuwepo, maana kijiji kipya hakina starehe nyingine, na pia kwa sababu wengi wao walikuwa na wafu wao walioachwa juu na walitaka kuona jambo hili linafanyikaje. Shimo lilikuwa tayari nyuma ya nyumba, dogo, la kumtosha mtoto mchanga. Raheli alikuwa ameketishwa kwenye mkeka kando yake, ameegemezwa ukutani, amevaa nguo yake ya kanisani. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Usoni alikuwa na furaha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Yeremia wangu. Umekuja naye?"

"Nimekuja naye."

Akampa kibuyu. Raheli alikifungua mwenyewe, akaingiza vidole viwili, akaitoa noti. Akaipitisha kati ya vidole vyake, upande huu, upande ule. Wanga, hata ukiupaka mafuta, hukaa na ugumu wake. Akaipeleka puani. 

"Inanuka sabuni," Raheli akasema.

"Ni mjini, mama. Ilikaa na nguo."

"Na hiki kidole cha nani?" akauliza, akipapasa masizi makavu penye pembe.

"Cha mjomba."

Mama alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mwanawe, akaufuata hadi kwenye dole gumba. Akalileta puani. Akalinusa taratibu, kisha akainusa noti, kisha dole tena. Akaliachia.

Hapo Yeremia alisema yote, mbele za watu, amepiga magoti: albamu, Mikumi, dobi, magadi, masizi. Alisema mpaka na ile noti ya Mfalme aliyoongeza juu. Mama alimsikiliza uso ukiwa umeelekea shimoni. Alipomaliza, akamrudishia noti, akaikunja kiganjani mwake kama anavyopewa mtoto senti ya sadaka.

"Chukua kidole chako," akasema. "Mimi nilitaka cha kaka yangu."

"Mama, namba ni ile ile. Ni yenyewe, naapa. Karatasi ni yenyewe."

"Karatasi ya nini? Karatasi ni ya Mjerumani."

Balozi akakohoa, akasema labda shughuli iahirishwe. Raheli akakataa. Shimo likishachimbwa halirudi na njaa, akasema, na mimi sina Jumamosi nyingine. Akaomba asogezwe. Wanawake wawili wakamshika makwapani, wakamleta mpaka ukingoni, akainama hadi wakahofia ataangukia ndani.

"Yeremia," akaita ndani ya shimo.

Mwanawe alikuwa amepiga magoti hatua chache kutoka pale, na kidogo aitike.

"Yeremia, nimekosa cha kukuzikia. Nazika jina." Akachota udongo kwa mkono wake, akautupia. Kisha akafungua kinywa akalia kile kilio ambacho mama yake alikikataza alipokuwa binti wa kufukuza ndege, na wanawake wakampokea, mmoja baada ya mwingine, mpaka kijiji chote kikawa kinalia. Waliochelewa walikuja mbio toka mashambani wanauliza nani amefariki. "Yeremia," wakaambiwa. Wakageuka wakamtazama Yeremia, ambaye alikuwa hapo hapo, hai, anafukia shimo kwa mikono kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyestahili kufukia.

Matanga yaliwekwa, yakaanuliwa. Yeremia akarudi kazini. Kilosa watu waliendelea kumwita kwa jina lake, na wenzake wakasema karani ameanza uziwi, maana siku hizi unamwita mara mbili, mara tatu, ndipo anageuka. Noti hakuitupa. Aliiweka mfuko wa shati, ikaloa jasho, ikalainika, ikawa kahawia. Wafanyabiashara wa pesa za kale walipita stesheni wakamuuliza kama ana chochote, akasema hana.

Kila mwisho wa mwezi alikwenda kijijini na sukari na unga. Mama yake alimpokea, alimpa kiti, alimwombea safari njema. Alimwita mwanangu, alimwita baba, siku akiwa na nguvu alimtania akamwita karani. Jina hakulitaja tena. Yeye naye hakuwa na uso wa kuliomba.

Siku Raheli alipokuwa anakata roho, Odilia alimsukuma mumewe akaingie. Chumbani mlikuwa na giza na harufu ya nyonyo. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Mama, ni mimi."

Mkono wa mama ukamtafuta usoni, ukampapasa paji, pua, kidevu.

"Wewe nani?" akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Yeremia alifungua mdomo amwambie. Akakumbuka lile jina lilikuwa nyuma ya nyumba, na kwamba shimo alilifukia mwenyewe.